Sehemu zote kwa mkupuo, au moja kila wiki?

Swali. Sisi ni kikundi cha vijana sita hapa Tanga. Tumepiga tamthilia ya sehemu nane, kila moja dakika 26, na uhariri unakaribia kwisha. Tutaiweka kwenye chaneli yetu ya YouTube yenye wafuatiliaji 640. Tumegawanyika nusu kwa nusu. Watatu wanasema tuachie zote siku moja kama Netflix, kwa sababu watu siku hizi hawapendi kusubirishwa, na bando lenyewe leo lipo kesho halipo. Watatu tunasema moja kila wiki. Nani yuko sahihi? Na kama Netflix wenyewe wanaachia zote, kwa nini sisi tufanye tofauti?

Jibu. Achieni sehemu tatu za mwanzo siku moja, halafu moja kila wiki kwa wiki tano. Toka siku ya kwanza hadi sehemu ya mwisho ni siku 35. Sharti ni moja: isitoke hata sehemu moja kabla zote nane hazijakamilika, yaani picha, sauti, rangi, muziki wenye ruhusa na manukuu (maandishi ya mazungumzo chini ya picha). Kama uhariri bado "unakaribia kwisha", basi tarehe ya kuanza bado haijafika. Sababu za ushauri huu nitazieleza kwa kirefu, kwa kuwa takwimu zitashuka wiki ya pili, hilo halikwepeki, na kikundi kisichojua kwa nini kilichagua njia fulani huibadilisha katikati ya msimu. Hapo ndipo watazamaji hupotea.

Tuanze na Netflix, kwa sababu ndiyo hoja ya wenzenu.

Netflix ilianza kwa kukodisha DVD kwa njia ya posta. Aliyekodi tamthilia aliletewa diski yenye sehemu kadhaa, akazitazama kwa kasi yake. Utiririshaji, yaani kutazama kupitia intaneti, ulipoanza mwaka 2007, ghala lake lilijaa tamthilia zilizokwisha kuonyeshwa na televisheni, na hizo nazo zilikuwa misimu mizima. Kwa hiyo ilipofika zamu ya kuwa na tamthilia za kwake, Lilyhammer Februari 2012 na House of Cards tarehe 1 Februari 2013 ikiwa na sehemu 13, kuziachia kwa mkupuo kulikuwa kuendeleza mazoea ambayo wateja wake walikuwa nayo tayari.

Sasa tazameni ilichonacho ambacho ninyi hamna. Mapato yake makubwa ni ada ya mwezi, hivyo mteja akimaliza sehemu nane usiku mmoja ada imeshalipwa. Akimaliza, ukurasa unampeleka palepale kwenye tamthilia nyingine, na nyingine, kwa maelfu. Na ukurasa huo wa mbele ndio tangazo: jukwaa lenyewe linaamua kazi ipi iwekwe mbele ya macho ya mamilioni kwa asubuhi moja. Ndiyo maana Squid Game, iliyoachiwa sehemu zote tisa tarehe 17 Septemba 2021, ilifikia saa bilioni 1.65 za kutazamwa katika siku 28. Kazi yenyewe ilikuwa nzuri mno, lakini pia ilisambazwa dunia nzima siku hiyohiyo ikiwa na manukuu na sauti za lugha nyingi. Karibu zaidi na kwetu, Country Queen ya Kenya iliachiwa na Netflix tarehe 15 Julai 2022, sehemu zote sita kwa pamoja. Nayo ilibebwa na jukwaa lilelile. Chaneli ya wafuatiliaji 640 haina wa kuibeba. Mtazamaji wenu akimaliza sehemu ya nane usiku wa kwanza, kinachofuata kwenye skrini yake ni kazi ya mtu mwingine.

Isitoshe, Netflix yenyewe haiachii zote kila mara. Msimu wa nne wa Stranger Things ulitoka sehemu saba tarehe 27 Mei 2022 na mbili tarehe 1 Julai. Hesabuni: siku 35. Aliyelipia tarehe 27 Mei mwezi wake ulikwisha tarehe 27 Juni, ikabidi alipe tena ili aone mwisho. Tarehe 1 Julai pia ndiyo siku ya kwanza ya robo mpya ya mwaka wa hesabu, na huo ulikuwa mwaka ambao kampuni ilipoteza wateja kwa robo mbili mfululizo, takriban 200,000 kisha takriban 970,000. Msimu wa tano ukarudia umbali uleule: tarehe 26 Novemba 2025, kisha siku ya Krismasi, kisha 31 Desemba. Siku 35 tena. Kwa upande mwingine, msimu wa tatu wa Bridgerton (16 Mei na 13 Juni 2024) na wa pili wa Wednesday (6 Agosti na 3 Septemba 2025) ziligawanywa kwa siku 28 tu. Hapo ada moja ya mwezi ilitosha, lakini mazungumzo ya watu yaliendelea mwezi mzima badala ya wikiendi moja. Cobra Kai msimu wa sita ndiyo iliyovutwa mno: vipande vitatu, Julai 2024, Novemba 2024, Februari 2025. Kwa maoni yangu huo ni umbali unaomfanya mtu asahau nani alimkosea nani.

Kwa hiyo wenzenu wanaposema "kama Netflix", waulizeni Netflix ya mwaka gani.

Upande wa kila wiki nao una ushahidi wake. The Last of Us ya kituo cha televisheni cha HBO ilianza tarehe 15 Januari 2023 ikiwa na watazamaji milioni 4.7 Marekani usiku wa kwanza. Usiku wa sehemu ya tisa, Machi, walikuwa milioni 8.2. Kwa maoni yangu iliongezeka kwa sababu kila wiki waliotazama waliwaambia wasiotazama, na hao walikuwa na siku sita za kurudi nyuma na kuwafikia wenzao kabla ya sehemu mpya. Hapo ndipo faida ya kila wiki ilipo: sifa za mdomo zinapewa muda wa kutembea. Ukiachia zote siku moja, anayesikia habari zako wiki ya nne anakuta waliotazama wamekwisha kuhamia kwingine, hana wa kuzungumza naye. Kwa kikundi kisicho na fedha ya matangazo, mdomo wa mtazamaji ndiyo bajeti yote.

Lakini kila wiki ina adhabu yake pia. Prime Video, jukwaa la Amazon, iliachia msimu wa kwanza wa The Boys wote kwa mkupuo Julai 2019. Msimu wa pili, Septemba 2020, ikatoa sehemu tatu kisha moja kila wiki, na watazamaji wengi wakaipa nyota moja kwa hasira, si kwa ubaya wa kazi bali kwa kuzoezwa jambo moja na kupewa jingine. Fundisho kwenu ni dogo na la bure: semeni ratiba mapema. Kwenye kionjo (trela), kwenye maelezo chini ya video, na kwa maandishi mwishoni mwa sehemu ya tatu: "Sehemu ya 4, Alhamisi ijayo, saa 3 usiku." Mtu aliyeambiwa husubiri. Aliyeshtukizwa hukasirika.

Kwa nini tatu na siyo moja? Sehemu ya kwanza ya tamthilia karibu yoyote imelemewa na kazi ya utambulisho: nani ni nani, anaishi wapi, anataka nini. Mtego wenyewe hukaza mwishoni mwa ya pili au ya tatu. Jukwaa la Hulu la Marekani lilianza hivyo na The Handmaid's Tale mwaka 2017, Apple ikafanya hivyo ilipofungua jukwaa lake Novemba 2019, na Ted Lasso ikafuata njia hiyo mwaka 2020. Kwenye YouTube kuna sababu ya pili, ya kiufundi, na hii wengi hawaijui: chaneli moja hufikisha kwa mfuatiliaji arifa zisizozidi tatu za video mpya ndani ya saa 24. Mkipakia nane siku moja, tano zitatoka kimyakimya, na hamtachagua zipi. Mkiachia tatu, kila moja ina arifa yake, kwa wale waliobonyeza kengele.

Kabla hamjashika namba tatu kama msahafu, pimeni hadithi yenu. Mgawanyo mzuri hufuata mshono wa hadithi. Msimu wa pili wa Andor, mwaka 2025, ulitoka sehemu tatu kila wiki kwa wiki nne kwa sababu uliandikwa kwa mafungu ya tatutatu, kila fungu likiruka mwaka mmoja mbele. Arcane nayo ilitoka tatutatu kwa wiki tatu. When Life Gives You Tangerines ya Korea, sehemu 16, ilitoka nnenne kwa wiki nne, kila fungu likiwa majira ya maisha ya wahusika. Kwa hiyo chukueni karatasi, andikeni sentensi moja kwa kila sehemu: onyesho la mwisho linaacha swali gani? Siyo tukio gani linatokea, bali swali gani. "Mama anafungua barua" si swali. "Je, mama atamwambia mumewe kwamba mtoto si wake?" ni swali. Kama swali kubwa la kwanza linaangukia mwisho wa sehemu ya pili, anzeni na mbili, na msimu utachukua siku 42. Kama liko mwisho wa ya nne, anzeni na nne, siku 28. Hesabu ni rahisi: toeni zilizotoka siku ya kwanza kwenye jumla, zidisheni kwa 7.

Na kama zoezi hilo likionyesha kwamba sehemu nne au tano kati ya nane hazina swali mwishoni, zimekatwa tu mahali dakika 26 zilipoishia, basi mlichonacho ni filamu ndefu iliyokatwa vipande. Hapo wenzenu wako sahihi: achieni zote kwa mkupuo. Kumsubirisha mtu wiki nzima kwa kipande kisicho na kiu ni kumfukuza. Mkiwa bado mezani mwa uhariri mnaweza kurekebisha. Mara nyingi inatosha kuhamisha onyesho moja la sekunde 40 kutoka mwanzo wa sehemu inayofuata hadi mwisho wa hii.

Sasa suala la bando, ambalo wenzenu wamelitaja kwa haki. Video ya YouTube kwa ubora wa chini wa 360p hula takriban MB 300 kwa saa. Sehemu moja ya dakika 26 ni kama MB 130. Zote nane ni dakika 208, yaani saa tatu na dakika 28, zaidi kidogo ya GB 1. Mwenye bando la siku hawezi kumeza yote hayo kwa mkupuo hata mkimpa. Atatazama mbili, bando litakata, na kesho yake atakuwa na mambo mengine. Kwa MB 130 kila wiki anawamudu. Hoja ya bando, ukiihesabu, inaelemea upande wa kila wiki. Inaelemea pia upande wa picha rahisi kusomeka: maandishi ya simu yanayoonyeshwa kwenye skrini, barua, jina la duka, vyote vikaguliwe kwa 360p kwenye simu ya inchi sita kabla ya kufunga uhariri. Onyesho la usiku lililopigwa gizani mno hugeuka vigae vyeusi kwa ubora huo.

Upande wa mapato: ili chaneli ianze kugawana fedha za matangazo, YouTube inataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama mtazamaji wa kawaida atakaa nusu ya kila sehemu, yaani dakika 13, mnahitaji kutazamwa mara 18,460 hivi, sawa na mara 2,300 kwa kila sehemu. Inafikika kwa msimu mmoja, siyo kwa usiku mmoja. Saa hizo huhesabiwa kwa mwaka mzima, kwa hiyo hakuna zawadi ya kuwahi. Mkipata idhini katikati ya msimu, washeni matangazo kwenye sehemu zote, na mkumbuke kwamba video za dakika nane na zaidi zinaruhusu matangazo ya katikati. Yawekeni wenyewe, kwa mkono, mahali onyesho linapobadilika. Mkiacha mfumo uchague, upo uwezekano wa tangazo kukata sentensi ya kilio. Mgao wenu ni asilimia 55 ya fedha za matangazo kwenye video ndefu. Jazeni na taarifa za kodi ndani ya akaunti mara tu mnapoombwa, maana asiyejaza hukatwa kiwango cha juu.

Saa ya kuachia nayo si jambo la kubahatisha. Saa 2 usiku ni taarifa ya habari, televisheni nyingi majumbani ziko huko. Saa 3 usiku ni nzuri: kwa ndugu walioko Muscat ni saa 4 usiku, London ni saa 12 au saa 1 jioni kutegemea majira, New York ni saa 7 au saa 8 mchana. Kama wiki zenu sita zinaangukia Ramadhani, na hadhira ya Tanga mnaijua kuliko mimi, sogezeni hadi saa 4 baada ya tarawehe. Angalieni ratiba ya ligi kabla ya kutangaza siku: mechi ya Simba na Yanga ikiangukia jioni ileile, sehemu yenu itazaliwa bila wa kuipokea. Siku mkiichagua, isibadilike. Alhamisi zote sita.

Pakieni kila sehemu angalau saa 48 kabla, ikiwa ya faragha, na kuiwekea muda wa kufunguka yenyewe. YouTube huchakata kwanza ubora wa chini, ule wa juu hufuata baadaye. Anayepakia saa 2:50 usiku kwa ajili ya saa 3 huwapa watazamaji wake wa kwanza, ambao ndio wapenzi wake wa dhati, picha yenye ukungu. Saa hizo 48 pia zinaipa YouTube nafasi ya kukagua haki miliki. Hapo ndipo tamthilia nyingi hujikwaa: wimbo wa Bongo Fleva unaosikika redioni ndani ya onyesho la daladala unatosha kuleta dai, na mapato ya sehemu nzima yakaenda kwa mwenye wimbo, au video ikafungwa baadhi ya nchi. Kama hamna ruhusa ya maandishi, toeni wimbo, wekeni mlio wa injini. Kwa kweli ningependa zote nane zipakiwe kabla ya kionjo kutoka, mjue madai yote mapema.

Kinachoharibu zaidi msimu wa kila wiki ni wiki iliyorukwa. Sehemu ya tano haikutoka kwa sababu mhariri anaumwa au kompyuta imekufa, wakaahidi "wiki ijayo", na nusu ya waliokuwa wakisubiri hawakurudi. Ndiyo maana nimeweka sharti la kumaliza zote kwanza. Wekeni nakala mbili za faili za mwisho kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti.

Kisha kuna makosa madogo ambayo hujirudia mara nane. Utangulizi wenye majina na wimbo ukiwa wa sekunde 90, mtazamaji anaupitia kwa dakika 12 katika msimu, na kwa kuwa mnaachia tatu pamoja ataupata mara tatu usiku mmoja. Uacheni mrefu kwenye sehemu ya kwanza tu, kwingine uwe sekunde 15. "Ilivyokuwa" ya kukumbusha isiwepo kabisa kwenye ya pili na ya tatu, kwani ametoka kuzitazama sasa hivi. Kuanzia ya nne iwe sekunde 30 hadi 40, na iwakumbushe tu yale yatakayohitajika katika sehemu hiyo. Ukiweka humo uso wa mhusika ambaye hajaonekana kwa wiki tatu, umeshatangaza kwamba anarudi, na mshtuko umekufa.

Jina la video lianze na namba: "Sehemu ya 4", kisha jina la tamthilia. Kwenye simu maneno ya mwisho hukatwa, na mtu asiyejua aanzie wapi haanzi kabisa. Tengenezeni orodha moja ya video, mpangilio ukianzia na ya kwanza. Acheni sekunde 20 za mwisho bila maneno muhimu, ili skrini ya mwisho ikae hapo ikionyesha sehemu inayofuata. Hapa kuna kazi ya kila wiki ambayo vikundi vingi huisahau: sehemu ya tano ikitoka, rudini kwenye ya nne mkaiunganishe nayo, kwa sababu siku ilipotoka ya nne, ya tano haikuwepo. Anayeingia miezi kadhaa baadaye asikute njia imekatika. Picha ya jalada iwe na uso mmoja mkubwa na isifichue. Jalada la sehemu ya sita linaloonyesha msiba linamwambia anayeanza leo nani atakufa.

Wiki zile za kusubiri si za kupumzika. Kateni vipande viwili vya wima vya sekunde 30 hadi 45 kutoka sehemu iliyokwisha kutoka, na kimoja kutoka ijayo, mvitupe TikTok, Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp. Kipande kiishie kwenye swali, jibu libaki kwenye video ndefu. Kikijitosheleza, kitasambaa kweli, lakini hakuna atakayefuata. Gawaneni kazi: mmoja wa vipande, mmoja wa kujibu maoni saa mbili za kwanza, mmoja wa kuwinda wanaopakia kazi yenu kwenye chaneli zao. Huyu wa tatu ajue fomu ya YouTube ya kuomba video iondolewe, na aitumie siku hiyohiyo, maana mwizi hupata watazamaji wake wengi siku mbili za mwanzo.

Kuhusu takwimu: sehemu ya kwanza itakuwa juu kuliko zote, daima, kwa sababu wapo wanaoonja na kuondoka. Msiilinganishe ya tano na ya kwanza. Linganisheni ya nne na ya tatu, ya tano na ya nne, kila moja kwa siku zake saba za mwanzo. Kama kila moja inabakiza wengi wa waliotangulia, mko salama hata namba ikiwa ndogo. Kama kuna anguko la ghafla mahali pamoja, fungueni mchoro wa muda wa kutazamwa wa sehemu iliyotangulia, mtafute dakika ambayo mstari unaporomoka. Mara nyingi chanzo ni sauti mbovu au onyesho la maelezo lililovutwa, si ratiba.

Na ikitokea jukwaa la kulipia likataka kuinunua, ulizeni ratiba ya kuachia iandikwe kwenye mkataba, na muda wa haki uhesabiwe kuanzia sehemu ya mwisho, si ya kwanza. Jueni pia jinsi wanavyoweza kupima. Mwaka 2019 Netflix iliieleza kamati ya Bunge la Uingereza kwamba ilikuwa ikitenganisha walioanza, waliotazama sehemu moja hadi asilimia 70, na waliofika asilimia 90 ya msimu, katika siku 7 na siku 28 za mwanzo. Msimu unaochukua siku 35 hauwezi kukamilika ndani ya kipimo cha siku 28. Kwa mnunuzi anayepima hivyo, anzeni na tano, msimu uchukue siku 21.

Wiki tatu baada ya sehemu ya nane, unganisheni zote kuwa video moja ya saa tatu na nusu, mkiondoa utangulizi na "ilivyokuwa" katikati. Akaunti iliyothibitishwa inaruhusiwa kupakia video hadi saa 12, kwa hiyo urefu si tatizo. Hiyo ni ya wale wenzenu watatu, na ya kila anayependa kumaliza kwa mkao mmoja. Wapo wengi, hasa wenye intaneti ya nyumbani na waliosikia habari zenu kwa kuchelewa. Msiitoe mapema kuliko hapo, vinginevyo itazila sehemu moja moja zikiwa bado zinapanda. Siku mtakayoitoa, wekeni juu kabisa ya maoni tarehe ya msimu wa pili, kama ipo.